Jua Alilomdai Mumewe

"Mimi n'namdai, na hakuna aliyeniuliza."

Hayo ndiyo maneno niliyoyakuta nilipopanda ngazi na birika la chai, Alhamisi asubuhi. Hind alikuwa amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda, na wifi yake Mwanaesha amesimama mbele yake mikono kiunoni. Nikatua birika, nikakaa. Waliofiwa wakigombana mbele yako hutoki. Ukitoka watasema umekwenda kusimulia.

Mwanaesha ni dada mkubwa wa Amin, na Amin ndiye mume wa Hind aliyefariki wiki chache kabla ya Ramadhani ya mwaka ule wa korona. Alikufa kwa moyo, kibandani kwake alikokuwa akitengeneza panka na pasi za umeme, bisibisi mkononi. Akazikwa siku ile ile. Walioruhusiwa kwenda makaburini walikuwa wanaume wachache, wakasimama mbali mbali na nyuso wamezifunika, kila mmoja anaogopa pumzi ya mwenziwe. Matanga hayakuwa matanga. Watu walitia vichwa mlangoni, wakasema pole, wakaondoka.

Sasa Mwanaesha akawa anamwambia Hind kwamba lile swali la kila maziko, nani anamdai marehemu, liliulizwa. Aliyeuliza ni binamu yao mwenyewe. Hakuna aliyejitokeza, kaburi likafukiwa, basi tena mtu anakuja kudai nini mwezi wa sita?

"Waliulizwa wanaume," Hind akasema. "Miye mdai nilikuwa hapa juu, mmenikalisha mkekani."

Mwanaesha akamhesabia. Mahari alipewa kamili. Kodi ya nyumba Amin aliiacha imelipwa mbele. Cherehani aliyomnunulia ile pale. Deni gani lililobaki?

Hind hakupandisha sauti. Tangu Amin afe sauti yake ilikuwa imebaki moja tu, ile ya kuagizia chumvi.

"N'namdai jua."

Mwanaesha akanigeukia mimi, kama kwamba mimi ndiye niliyemtia mwenziwe wazimu. Nikamimina chai.

Hind hakuwa na wazimu. Nimekaa chini yake, chumba cha ghorofa ya chini, miaka mingi kuliko ninayotaka kuitaja, namjua. Babake alikuwa na duka la samli na tende humu humu Mji wa Kale, na babu wa babake ndiye aliyekuja kutoka Hadharamaut. Alisoma kidogo, akatolewa, akafundishwa kushona kofia kwa mkono. Kofia zake huzikuti dukani, huagizwa. Akikosea tundu moja katikati ya ua hufumua ua zima, na mwenye kofia akija kuichukua huambiwa aende arudi, hata kama kesho ni Idi. Mtoto hakujaliwa. Alijaliwa Amin, na kwa Amin alikuwa mkali kama alivyo kwa kofia.

Ukimwambia Hind utakuja Jumanne, usije Jumatano ukadhani si mbali. Kwake ahadi ni mali ya mtu. Siku moja nilimwahidi bamia nikasahau. Hakuninunia, hakunisema. Ila kila nilipopanda alinitazama mikono kwanza kabla ya uso, mpaka nilipopeleka bamia.

Na Amin alimwahidi jua. Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tatu, mwezi wa kumi na moja, Jumapili. Redio ilikuwa imesema jua litapatwa jioni. Amin akaenda kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kule Tononoka, anaitwa Kalama, akaazima kile kioo cheusi wanachojikingia macho. Humu kwetu vichochoro ni vyembamba, mbingu ni mstari tu juu ya kichwa, jua la jioni hulioni likizama. Akasema uwanja wa Tononoka ndio mahali. Hind akavaa buibui lake, akasimama mlangoni. Amin akamwambia ngoja kwanza, nitangulie nikapatazame kama panakufaa, vijana wasiwe wengi, halafu nije nikuchukue.

Hakuja kumchukua. Alirudi maghribi ishaadhiniwa, kioo kimo mfukoni, magoti ya suruali yamejaa mchanga. Hind alikuwa bado amesimama pale pale na buibui lake. Amin akasema limekwisha, lakini la pili utaliona, hiyo ni ahadi.

Kioo hakukirudisha. Kiliingia kwenye mtoto wa meza, kimefungwa kwa leso ya mkononi, kikakaa humo miaka yote hiyo. Na jua nalo likakaa.

Ramadhani ya mwaka kabla hajafa, redio ikataja tena: litapatwa mwakani, mwezi wa sita, asubuhi mapema. Hind akamuuliza, haya, utanipeleka wapi? Amin alikuwa amekaa kwenye kiti chake chumba cha mbele. Akasema, "Huna haja ya kutoka. Utaliona hapa hapa ulipokaa."

Hind alinisimulia mwenyewe, na namna alivyoyasimulia ungedhani Amin alimtukana. Kwake ile ilikuwa dalili ya mwanamume aliyeahidi, akaona uzito, akaanza kupunguza. Kwanza uwanjani, kisha nyumbani, mwisho ataambiwa lifikirie tu. Akaiweka pamoja na yale mengine. Kisha Amin akafa.

Na tangu afe Hind hakulia. Alikula akipewa, akaswali, akashona, akalala. Alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake ukafa ganzi, ila ganzi yenyewe ilimpanda mpaka machoni. Mtaani walishaanza kuliona hilo. Mwanaesha aliliona kabla ya wote, na ndilo lililokuwa likimla. Alidhani nduguye alikuwa amelala miaka yote ile na mke asiyempenda.

Siku ile ya Alhamisi akalitamka. Akamwambia, hujamtolea ndugu yangu hata chozi moja, halafu unamdai.

"Siwezi kumlilia mtu n'nayemdai," Hind akasema. "Jumapili linapatwa. Nitolewe nikalione. Nikishaliona nitawaambia simdai, mwisho. Nisipoliona nitakuwa namdai mpaka huko mbele, na huko mbele, wifi, sitaki tukutane naye hivyo."

Mambo yakawa magumu hapo. Hind yumo edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, na yeye hakuwa amefika hata nusu ya mwezi wake wa tatu. Mwanaesha hakuwa mtu wa kulegeza. Akamtafuta sheikh kwa simu pale pale, akaiweka sote tusikie. Sheikh akasema mjane hutoka mchana kwa haja. Mwanaesha akauliza kama kutazama jua ni haja. Sheikh akasema akijizuia ni bora zaidi, na ile sala ya kupatwa kwa jua aiswali hapo alipo.

Mwanaesha akaizima simu kama aliyeshinda kesi. Lakini Hind alikuwa amesikia "kwa haja" tu, mengine hakuyasikia. Akanigeukia mimi.

"Mejumaa, shoga yangu. Wewe watoka. Nitazamie mahali. Pawe peupe upande wa macheo, pasiwe na watu, niende na ninja yangu usoni nisimame, nirudi. Usinichagulie pazuri. Nichagulie panapoonekana."

Nikamwambia mimi ni muuza leso dukani kwa watu, Biashara Street, jua naliona likinichoma tu. Akasema basi una ujuzi.

Ijumaa nikaondoka baada ya alfajiri nikaenda kwenye ule ukuta wa baharini karibu na ngome. Kwa jua pale hapana mpinzani. Linatoka ng'ambo ya maji, halina nyumba ya kulizuia wala mti. Lakini mtaa wetu ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa baada ya kufungiwa kwa korona, na watu walikuwa wamechoka na kuta. Wamejaa pale, huyu anakimbia, huyu ananyoosha miguu, mabinti wanapigana picha, na askari anawazungukia akiwaambia msisimame pamoja. Ikiwa Ijumaa tu ni vile, Jumapili ya jua lenyewe itakuwaje? Mjane akisimama pale hata kwa ninja, habari zake zitafika nyumbani kabla yake. Nikaufuta ukuta.

Nikirudi nikapanda juu ya nyumba yetu. Dari yetu ni mabati yaliyoliwa na chumvi, hata paka hupita akifikiri. Ya jirani ni sakafu ya zege, lakini ina vijana na njiwa zao, na ili ufike huko unavuka ubao. Nikamwazia Hind na buibui lake juu ya ubao. Nikashuka.

Mwanaesha alinikuta ngazini, akaniuliza nimeona wapi. Nikamwambia ukutani hapafai, juu hapafai. Akasema alhamdulillahi. Nikamuuliza hiyo alhamdulillahi ni ya nini, mwenziwe anateseka. Akasema yeye naye anateseka, amezikiwa ndugu kama mzigo wa magendo, na mimi sijamuuliza. Kweli sikuwa nimemuuliza. Tukashuka sote.

Jumamosi nikaenda Tononoka. Nilikuwa na safari mbili kwa moja: kuutazama uwanja, na kumwona huyo Kalama. Hind alikuwa amenipa neno. Kioo kimo ndani, lakini hatakitazamia jua mpaka mwenyewe akihalalishe. Hawezi kulipwa deni kwa kifaa kinachodaiwa.

Uwanja haukufaa. Kwa jioni sawa, lakini asubuhi jua linachelewa nyuma ya majumba, ukiliona lishapanda. Nikaenda kwa fundi.

Kalama ni Mgiriama mtu mzima, mabega mapana, nyusi zimeungua kwa cheche. Alikuwa akichomelea geti, nikamngoja azime moto. Nilipomwamkia akanipima kwa macho, akasikia nisemavyo, akasema, "Mdigo akikuamkia asubuhi hivi, ana shida."

"Na Mgiriama akikuazima kitu, ujue atakuja kukidai makaburini."

Akacheka mpaka akakaa. Kisha nikamwambia nimetumwa na mjane wa Amin, yule fundi panka, na kwamba Amin hayupo tena. Hakuwa na habari. Akavua kofia yake ya kazi, akaishika. Ilikuwa ndivyo mwaka ule, mtu anakufa mtaa wa tatu na huambiwi.

Nikamweleza kioo. Akasema alikidai mwaka wa kwanza, wa pili akanunua kingine, wa tatu akasahau. "Mwambie mjane ni halali yake. Na yeye Amin nimemwachia, simdai." Akalisema taratibu, akiwa amesimama, kama mtu aliyejua linavyotakiwa kusemwa. Hilo likawa limekwisha. Nikainuka niende zangu.

"Lakini kioo chenyewe hakukitumia," akasema.

Nikamuuliza vipi hakukitumia, na ndicho alichokijia.

"Aliwapa watu. Kila mtu anataka, yeye anampa, wanapokezana. Yeye mwenyewe hakutazama juu hata mara moja. Alikuwa chini ya mwarobaini ule wa pembeni, kapiga magoti, anatazama mchanga. Tulimcheka sana. Nikamuuliza, Amin, umeangusha nini? Akaniambia njoo uone, jua liko huku chini."

Kalama akaenda. Chini ya mwarobaini, mwanga unaopenya kwenye majani ulikuwa umeanguka mchangani madoa madoa kama siku zote. Lakini siku ile madoa hayakuwa ya duara. Kila moja lilikuwa limeliwa upande, kama lile lililo juu. Kila kitundu cha jani kimeangusha jua lake. Yalikuwa mengi, hayana idadi, yanatikisika upepo ukipita. Hata kioo hukihitaji, wala macho hayaumi.

"Akainuka mbio," Kalama akasema, "akasema naenda kumwita mke wangu. Hakufika hata barabarani, jua likaingia nyuma ya nyumba. Akarudi akakaa pale pale mchangani. Nadhani aliona haya kwenda nyumbani."

Njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimwambie Hind au ninyamaze. Nikaona mimi si hakimu wa kuchagua ushahidi. Nikapanda, nikakaa, nikamwambia yote kama nilivyoambiwa. Mwanaesha alikuwepo, anachambua mchele.

Hind alikuwa akifumua ua la kofia. Hakusimamisha mkono. Nilipomaliza alivuta uzi hadi mwisho, akaukata kwa meno.

"Mchanga," akasema. "Nilizifua suruali zile mara mbili."

Basi. Hakuna kingine. Mwanaesha akanitazama kama kwamba aliyefeli ni mimi. Nilitegemea machozi, au hata hasira. Hind akaanza ua upya.

Uzi ulipoingia kwenye sindano akasema, "Wifi, kiti cha Amin kilikuwa kimetazama wapi?"

Mwanaesha hakuelewa.

Nikupe ramani ya nyumba, maana hapa ndipo sote tulipokuwa vipofu. Chumba cha mbele kina roshani ya zamani ya mbao, ile iliyotokeza nje juu ya njia. Uso wake wote umetobolewa matundu madogo madogo kama nyota, ndivyo mafundi wa zamani walivyochonga, mwanamke akae ndani aone wapitao na wapitao wasimwone. Nyumba iliyokuwa ikiikabili ilianguka zamani, pamebaki gofu, mawe na paka, na wanaume hukaa humo jioni wakicheza dhumna. Kwa hiyo upande ule hakuna ukuta unaozuia. Jua la asubuhi linaingia moja kwa moja.

Siku Amin alipozikwa, jambo la kwanza Mwanaesha alilofanya ni kupigilia blanketi kwenye roshani, toka juu hadi chini, kwa misumari. Mjane asionekane na wale wa gofuni. Tangu siku ile chumba cha mbele kilikuwa giza, na hakuna aliyekaa humo. Tumetafuta jua ukutani kwa ngome, tumetafuta Tononoka, nimepanda hadi kwenye mabati. Na humo ndani mna dirisha limefunikwa blanketi.

"Kiti chake kilitazama ukuta," Hind akasema. "Kila asubuhi na kahawa yake. Dirisha ameliwekea mgongo. Nikimwambia, Amin, wakaa kama mtoto aliyeadhibiwa. Yeye anacheka. Ukutani palikuwa na madoa ya jua. Mimi nilikuwa nayaona na kuyapita. Nilikuwa na kazi."

Akachoma sindano.

"Aliniambia nitaliona nikiwa nimekaa."

Mwanaesha aliacha mchele. Nilidhani atakubali mara moja, lakini hapana, yule mama ana shingo ngumu. Akasema blanketi halitoki, wanaume wa gofuni wanaona, na siku eda ikivunjika atakayeulizwa ni yeye. Hapo Hind akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasikia kidogo ile sauti yake ya zamani.

"Roshani kama hizi wamezikalia mama zangu na mama zako, hakuna aliyewahi kuonwa. Hawa wa gofuni wana macho ya kutoboa mbao? Na Jumapili asubuhi ile, mcheza dhumna gani aliyeamka?"

Mimi nikacheka, sikuweza kujizuia. Mwanaesha akanikodolea, kisha naye mdomo ukamshinda. Akasema sawa, lakini likisha kupatwa blanketi linarudi. Hind akasema rudisha hata mawili.

Jumapili nilipanda kukiwa bado na kiza, na koleo la kung'olea misumari. Mwanaesha alikuwa kwenye msala. Hind amekwisha kaa kwenye kiti cha Amin, amekielekeza ukutani, mikono juu ya mapaja, nguo zake zile zile za eda zisizo na rangi. Kile kioo kilikuwa magotini mwake, bado kimo ndani ya leso. Nikang'oa msumari mmoja mmoja. Blanketi likaanguka na vumbi la miezi, tukakohoa sote watatu, tukatazamana kwa hofu, maana mwaka ule ukikohoa watu walikuhesabia.

Nje kulikuwa na mawingu ya kusi. Ukuta ulikuwa mweupe tu, mtupu, chokaa imebanduka kona moja. Tukakaa. Hakuna kitu. Mwanaesha akaanza kuvuta tasbihi. Mimi nikawa nafikiria mandazi niliyoyaacha kwenye unga. Hind hakusogea.

Kisha wingu likapita, na ukuta ukajaa.

Kila tundu la roshani lilikuwa limeweka duara lake ukutani. Madogo, meupe, mistari kwa mistari, kuanzia karibu na dari mpaka nyuma ya kabati. Na yote yalikuwa yamemegwa. Yote upande mmoja, kimego kimoja, kama sinia la vileja alilopitia mtoto mwizi akaonja kila kimoja.

Wingu likaja, yakafutika. Likaondoka, yakarudi, na kimego kimekua.

Mwanaesha akasema subhanallah kwa sauti ya chini, akasimama akaingia kwenye sala yake, rakaa zile ndefu. Mimi nikakichukua kile kioo nikachungulia kwenye tundu la roshani kuhakikisha. Ni kweli, jua la juu nalo limeliwa vile vile. Lilikuwa moja tu, dogo, la kijani kwa sababu ya kioo. Nikakirudisha kwenye leso. Ya ukutani yalikuwa bora.

Nilimtazama Hind. Usidhani aliinuka, au alishika moyo, au alisema jina la mumewe. Alikaa kama alivyokaa, anayasoma yale madoa mstari mmoja baada ya mwingine, kama anavyoikagua kofia kabla ya kuitoa kwa mwenyewe. Anatafuta tundu lililokosewa. Alifika mwisho wa ukuta akaanza tena mwanzo. Doa moja lilikuwa limemwangukia begani, akaligeuzia shingo akalitazama nalo.

"Yapo sawa," akasema. "Hakuna lililokosea."

Mwanaesha alitoa salamu, akabaki amekaa kwenye msala. Hind akamngoja amalize uradi wake. Kisha akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuagizia chumvi:

"Wifi, wewe ndiye jamaa yake, kwa hiyo nakuambia wewe, na Mejumaa asikie awe shahidi. Amin alisema nitaliona nikiwa nimekaa, na nimekaa, na nimeliona. Ndugu yako simdai."

Mwanaesha alilia. Alilia kwa kwikwi, na kanga yote kaisokomeza kinywani. Labda hakuwa amepata nafasi ya kulia hivyo tangu siku ile ya maziko ya haraka. Akainuka, akaja kumkumbatia Hind, akasimama katikati ya roshani na ukuta, na ukuta nusu ukawa kivuli cha mtu mnene anayelia.

Hind akampapasa mgongo mara mbili tatu. Macho yake yalikuwa makavu, yanachungulia pembeni ya bega la mwenziwe.

"Sogea kidogo, wifi," akamwambia. "Umeyaziba."